Matibabu ya Aliyepooza Hayaishii Wodini

Tarehe 25 Agosti, 2020, Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kwamba haina tena virusi vya asili vya polio. Tanzania yenyewe ilikuwa imemwona mgonjwa wake wa mwisho wa virusi hivyo mwaka 1996. Ushindi huo haukuletwa na bahati. Uliletwa na wauguzi waliotembea vijijini na masanduku ya barafu begani, na walimu waliowapanga watoto mistari kusubiri matone mawili ya chanjo. Uliletwa pia na viongozi wa vitongoji waliopita nyumba hadi nyumba. Wote hao wanastahili pongezi za dhati.

Hata hivyo, kila ushindi una hatari yake. Katika ofisi nyingi, polio sasa huhesabiwa kuwa ni jambo lililokwisha, kama jalada lililofungwa na kurudishwa masjala. Dhana hiyo ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba virusi huheshimu mipaka. Mwezi wa Februari, 2022, Malawi ilitangaza kumgundua mtoto aliyepoozeshwa na virusi vya asili ambavyo asili yake ni Pakistan, na miezi michache baadaye Msumbiji nayo ikatangaza mgonjwa wake. Mwaka 2023 mtoto mwingine aligunduliwa hapa hapa nchini, mkoani Rukwa. Huyo hakupata virusi vya asili, bali virusi vya chanjo ya matone vilivyobadilika tabia kwa kuzunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Dawa ya hali hiyo si kuikimbia chanjo, bali kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayeachwa nje ya chanjo. Hayo yamekwisha kusemwa mara nyingi, na kampeni zilizofanyika zinaonyesha kwamba yamesikika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na halisemwi mara nyingi. Ni kusahau kwamba aliyepooza yu hai. Chanjo humkinga mtoto ambaye hajaugua, lakini haimsimamishi yule ambaye mguu wake umekwisha kulegea. Huyo anahitaji kazi nyingine, ya polepole na isiyo na sherehe: kurudishiwa uwezo wa viungo vyake. Ni kazi hiyo inayosuasua.

Ili umuhimu wa kazi hiyo ueleweke, yafaa kwanza kuangalia jinsi ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Virusi vya polio huingia kwa njia ya kinywa, huzaliana tumboni, na kwa watu walio wengi hutoka bila ya kuacha dalili yoyote. Katika kila watu 200 wanaoambukizwa, kiasi cha mmoja hubaki na ulemavu wa kudumu. Kwa huyo mmoja, virusi hufika kwenye uti wa mgongo na kuziua chembe zinazopeleka amri kwenye misuli. Chembe iliyokufa hairudi. Msuli uliokuwa ukingoja amri yake hulegea, kisha hunywea. Miongoni mwa wanaopooza, watu 5 hadi 10 katika kila 100 hufa kwa sababu misuli ya kupumulia nayo imesimama.

Jambo ambalo wananchi wengi hawalijui ni kwamba polio hainyang'anyi hisia wala akili. Mtoto mwenye mguu uliopooza huhisi baridi ya sakafu na huhisi mwiba, na darasani hujifunza sawasawa na mwenzake anayekimbia. Kilichokatika ni njia ya amri kutoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye msuli, na hapo tu.

Sasa, ulemavu anaoonekana nao mtu aliyeugua polio utotoni, mara nyingi ni ulemavu wa namna mbili uliochanganyika. Upo ulioletwa na virusi, na upo ulioletwa na kuachwa. Ule wa kwanza hakuna daktari duniani awezaye kuuondoa. Wa pili ungeweza kuzuiwa, na mara nyingi kwa gharama ndogo sana.

Kuachwa huleta ulemavu kwa namna hii. Mtoto aliyelegea miguu huwekwa juu ya mkeka, naye hukaa hapo kutwa nzima, magoti yamekunjwa na mapaja yameinuka. Misuli ya upande mmoja imekufa, ile ya upande wa pili bado ina nguvu na inavuta. Baada ya wiki chache goti halinyooki mpaka mwisho. Baada ya miezi kadhaa paja limejikunja kwenye nyonga, na kisigino kimevutwa juu hata unyayo haukanyagi. Kisha mifupa, ambayo bado inakua, huanza kukua kwa kufuata upotofu huo, na mgongo nao hupinda. Mguu ambao ungeweza kufungwa chuma na kuubeba mwili, sasa haufungiki. Mtoto ambaye angetembea kwa magongo, sasa anatambaa. Virusi vilichukua nguvu ya misuli kadhaa tu. Mengine yote yalichukuliwa na mkeka.

Kuuzuia upotofu huo si jambo la miujiza. Siku za mwanzo, wakati homa na maumivu ya misuli yangalipo, mgonjwa hutakiwa kupumzika. Sindano za msuli zisizo za lazima huepukwa, kwa sababu imejulikana kwamba wakati huo zaweza kuzidisha kupooza. Viungo vyake hulazwa vikiwa vimenyooka, nyayo zikaegemezwa zisianguke, na misuli inayouma hukandwa kwa vitambaa vyenye joto. Maumivu yakishapungua, kila kiungo hunyooshwa na kukunjwa taratibu, mara kadhaa kwa siku. Mtoto hulazwa kifudifudi kwa muda kila siku ili paja lisijikunje. Sehemu kubwa ya nguvu inayoweza kurudi hurudi katika miezi 6 ya kwanza, na iliyobaki huendelea kurudi polepole hadi kiasi cha miaka miwili. Baada ya hapo huja vyuma, magongo, mazoezi ya kusimama, na pengine upasuaji wa kurefusha kano au kuihamisha kano yenye nguvu ishike kazi ya iliyokufa.

Ni kweli kwamba kunyoosha kiungo kilichoanza kukaza huuma, na kama ilivyosemwa, mtoto huyu hisia zake ni kamili. Hulia. Mama akisikia kilio hicho huona kama anamtesa mwanawe, akaacha. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini ni dhuluma kumtupia mama huyo methali hiyo na kumwacha peke yake. Anahitaji mtu wa kumwonyesha namna ya kushika, kiasi cha kunyoosha, na mahali pa kuishia, na mtu huyo arudi tena wiki ijayo kuona kama mkono wake unakwenda sawa.

Historia ya ugonjwa huu inathibitisha kwamba chombo kikubwa cha matibabu haya ni mkono wa binadamu aliyefundishwa. Mpaka miaka ya 1930, katika nchi nyingi zilizoendelea mgonjwa wa polio alifungwa mbao au plasta kwa miezi mingi bila ya kutikisika. Muuguzi mmoja wa Australia, Elizabeth Kenny, alipinga desturi hiyo na badala yake akatumia vitambaa vya moto na mazoezi ya mapema. Madaktari wengi walimkataa. Mwaka 1940 alikwenda Marekani, na mwaka 1942 ikafunguliwa taasisi kwa jina lake katika mji wa Minneapolis. Maelezo yake juu ya chanzo cha kupooza hayakuwa sahihi yote, lakini joto na mazoezi vilibaki, na plasta za miezi mingi zikaachwa. Miaka 10 baadaye, ugonjwa ulipouvamia mji wa Copenhagen mwaka 1952, daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba waliopooza misuli ya kupumulia wangeweza kuokolewa kwa kupuliziwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari walipokezana usiku na mchana kandokando ya vitanda wakikamua mifuko ya mpira. Maelfu ya saa za mikono ya vijana ziliokoa maisha ambayo mashine chache zilizokuwapo zisingeyaokoa.

Mfano ulio karibu zaidi unatoka Afrika Mashariki yenyewe. Katika miaka ya 1960, daktari wa upasuaji wa mifupa Ronald Huckstep, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kufundisha Makerere, aliendesha kliniki za polio na kubuni vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapa hapa. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha mwongozo juu ya polio kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Hakungoja nchi iwe tajiri kwanza. Alijiuliza ni kitu gani fundi wa Kampala anaweza kukitengeneza, na mguu upi utasimama kwa kitu hicho.

Kwa hiyo hoja ya kwamba kazi hii ni anasa ya nchi tajiri haina nguvu. Hoja nyingine husema kwamba waliopooza hawajulikani walipo. Hiyo nayo haisimami, na sababu yake ni ya kusikitisha.

Kwa mujibu wa utaratibu wa kufuatilia polio unaotumika duniani kote, kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea viungo kwa ghafula ni lazima atolewe taarifa. Mtumishi wa afya humfuata hadi nyumbani. Huchukua sampuli mbili za choo, kwa kuachanisha angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, na sampuli hizo hupelekwa maabara zikiwa katika baridi. Inapobidi, mtoto huangaliwa tena baada ya siku 60 ili ijulikane kama bado amepooza. Nchi isiyoweza kupata angalau mtoto mmoja wa namna hiyo kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, huhesabiwa kwamba haitafuti vya kutosha, hata kama haina polio kabisa. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto hao hawana polio. Wengine wana ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao mara nyingi hufuata maambukizo, kinga ya mwili ikashambulia mishipa ya fahamu badala ya kuilinda. Wengine wamevimba uti wa mgongo, au wana virusi vya aina nyingine, au mshipa umeumizwa na sindano.

Tanzania ina watoto wa umri huo zaidi ya milioni 20. Kwa kipimo hicho cha chini kabisa, majina yasiyopungua 200 ya watoto waliolegea viungo huandikwa kila mwaka, pamoja na kijiji na tarehe ya kuugua. Ni orodha iliyo tayari. Lakini lengo lake ni kukisaka kirusi, si kumhudumia mtoto. Maabara ikijibu kwamba si polio, wilaya hupumua, na fomu huwekwa mahali pake. Choo cha mtoto kimesafiri mamia ya kilomita ndani ya barafu, na mguu wake umebaki pale pale juu ya mkeka. Hapana ubishi kwamba utaratibu huo ni mzuri na umeliletea bara hili heshima. Kinachotakiwa ni kuongeza hatua moja tu: jina likishaandikwa kwa ajili ya maabara, liandikwe pia kwa ajili ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na yule anayerudi siku ya 60 asirudi na kalamu peke yake, arudi na mtu anayejua kunyoosha goti.

Haja hiyo haiishii kwa watoto wala kwa polio. Maambukizo ya ubongo yanayoweza kufuata surua, ugonjwa wa Guillain-Barré kwa watu wazima, na udhaifu wa misuli uliowapata baadhi ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19, vyote vilionyesha jambo moja. Mgonjwa anaweza kuokolewa wodini kwa juhudi kubwa, kisha akapotelea nyumbani kwa kukosa mazoezi. Aliyeshikwa na Guillain-Barré hasa ana matumaini makubwa, kwa kuwa mishipa yake huweza kupona kwa miezi kadhaa au mwaka. Lakini akipona mishipa hali viungo vimekwisha kukaza, kupona huko kunamfaa nini?

Nchi haikuanza leo kuandaa wataalamu. Chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma, TATCOT, kilianzishwa mwaka 1981 katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na ipo hospitali ya CCBRT iliyoanza mwaka 1994, zote Dar es Salaam. Tatizo ni umbali. Mtoto wa Mpanda au wa Newala akifungwa vyuma leo, ataendelea kukua, na chuma kisichokua kitamwumiza. Itabidi kibadilishwe tena na tena mpaka awe mtu mzima. Familia inayouza mbuzi kwa nauli ya safari ya kwanza haina mbuzi wa safari ya tano. Chuma kilichobana huvuliwa na kutundikwa ukutani, na mtoto hurudi kutambaa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingenufaika na huduma ya kurudishiwa uwezo wa mwili, na kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wake hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Mwezi wa Mei, 2023, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitaka kila nchi iiweke huduma hiyo ndani ya mfumo wake wa kawaida wa afya. Maana ya azimio hilo kwa lugha ya halmashauri ni kifungu katika bajeti na nafasi ya ajira: mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya wilaya, na nafasi yake ndani ya gari linalokwenda zahanati. Vyuma sambamba vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea vyaweza kutengenezwa kwa mbao na fundi seremala wa wilaya. Muuguzi wa zahanati aweza kufundishwa kuwaongoza wazazi, na mafundi wa chuma na ngozi waliopo kila mji mdogo waweza kufundishwa kurekebisha kifaa kilichovunjika.

Wanaouliza gharama ya hayo yote, waulize pia gharama ya kutoyafanya. Mtoto asiyesimama hubebwa, na anayembeba aghalabu ni mama ambaye hawezi tena kwenda shamba siku nzima, au dada anayekosa shule ili abaki naye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa na watu wawili kwa maisha yao yote.

Walimu wana nafasi ya pekee. Wao ndio wanaojua nani hakuletwa kuandikishwa na kwa nini. Mtoto anayeachwa nyumbani kwa kuonewa huruma ananyimwa haki yake kama yule anayefichwa kwa aibu. Shule inayomhamishia darasa lake chini, inayoweka mteremko badala ya ngazi na mshikio ukutani mwa choo, imempa nusu ya matibabu yake, kwa sababu kutembea hadi ubaoni ni zoezi lisilohitaji cheti cha daktari. Na mwalimu anayemwona mwanafunzi ameanza kulegea mguu au mkono kwa ghafula, asingoje mwisho wa wiki. Kituo cha afya kiarifiwe siku hiyo hiyo.

Watumishi wa Serikali nao wana vyombo mikononi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zipewe kazi ya kweli, na ya kwanza iwe kujua ni nani kijijini anaye chuma kilichombana. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Hilo ni jema, lakini mkopo wa biashara haumfikishi sokoni mtu asiyeweza kusimama. Mguu na mtaji viende pamoja.

Tena wapo walemavu walio ndani ya ofisi zenyewe. Waliougua polio utotoni miaka ya 1960 na 1970, na wakatembea kwa nguvu ya misuli michache iliyosalia, baadhi yao leo wanaona misuli hiyo ikichoka upya. Hali hii inajulikana kwa waganga; hutokea miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa wa kwanza. Si uvivu, si uzee wa kujitakia, wala si kurogwa. Mazoezi ya nguvu nyingi huwadhuru. Wanachohitaji ni mazoezi mepesi, mapumziko katikati ya kazi, na vyuma vyepesi zaidi au kiti cha magurudumu. Mkuu wa idara anayemhamishia karani wa namna hiyo chumba cha chini, na kumruhusu akae anapowahudumia wananchi, atakuwa ameendelea kupata kazi ya mtu mwenye ujuzi wa miaka 30. Anayemwandikia barua ya onyo kwa kuchelewa ngazini atakuwa amempoteza.

Yafaa basi kila Mganga Mkuu wa Halmashauri aichukue orodha ya watoto waliolegea viungo katika miaka mitano iliyopita, na aulize swali moja kwa kila jina: mtoto huyu sasa anatembea? Jibu likiwa hapana, jalada hilo halijafungwa. Lirudishwe mezani, lipewe tarehe ya safari, na mtu wa kwenda.